Ukuta wa Mtani Wangu

Alhamisi iliyopita tulimzika Bagamoyo mtu ambaye wasomaji wangu hamkumjua, wala hamkuwa na sababu ya kumjua. Alikuwa tarishi. Kwa miaka mingi alipeleka barua kwa baiskeli kutoka ofisi moja ya serikali hadi nyingine, na mimi, kabla sijaanza kuandika magazetini, nilikuwa karani katika ofisi hiyohiyo. Yeye alikuwa Mkwere wa Fukayosi, mimi mjukuu wa Mnyamwezi aliyeshuka pwani na mizigo ya watu asirudi tena kwao. Kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wa makabila yetu mnaujua: nitakusema nitakavyo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Safu hii imezoea kuwachekesha. Leo mnisamehe.

Miaka michache baada ya uhuru mtani wangu alianza kujenga nyumba ya mawe. Pale mjini nyumba za mawe zilikuwa za matajiri wa zamani, na tarishi kusema atajenga yake watu waliona ni ndoto za mchana. Lakini mkewe alikuwa na kifua kibovu, na kibanda chao cha udongo kilivuja kila masika hata wakalala wameketi. Alitaka mwanamke yule apate paa lisilovuja kabla kifua hakijamshinda. Basi kila alipotoka kazini alipitia ufukweni, akachagua mawe mawili ya matumbawe, akayafunga kwenye keria ya baiskeli na kwenda nayo nyumbani. Mawili tu, kila siku. Nilimcheka sana. Nikamwambia, "Mtani, kwa mwendo huo utahamia humo na mkongojo." Akanijibu bila kucheka, "Bwana Karani, nikiitazama nyumba nzima moyo unanikimbia. Nikiyatazama mawe mawili, hayo nayaweza."

Mawe aliyaweza. Kilichomshinda ni kujiamini. Fundi aliyemsaidia siku za Jumapili alikuwa mkongwe wa kazi, na timazi walikuwa nayo, kile kipande cha risasi kinachoning'inizwa kwa uzi kupima ukuta kama umesimama wima. Timazi ikisema ndiyo, fundi akisema ndiyo, yeye bado atatoka njiani kumwuliza mpita njia, hata muuza samaki, amwangalizie. Asubuhi moja nilipita hapo nikikimbilia basi la Dar es Salaam. Ukuta ulikuwa umefika usawa wa kichwa, miaka mitatu ya mawe mawili mawili. Akaniuliza, "Hebu niangalizie, Bwana Karani. Umenyooka?" Sikusimama. Nilimtupia utani huku nikienda zangu: "Mtani, ukuta huo umelewa. Ukipiga chafya tu utakulalia." Kusema kweli, sikuwa hata nimeutazama.

Nilirudi baada ya wiki mbili nikaukuta chini. Aliubomoa kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe, mpaka kwenye msingi, fundi akimsihi na yeye hasikii. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, chokaa ingali kwenye kucha. "Mungu akuweke, Bwana Karani. Timazi ilinidanganya. Ukuta ule ungetuua, mimi na mama watoto." Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia kwamba ulikuwa utani, kwamba ukuta wake haukuwa na kasoro ninayoijua. Nikaona aibu. Nikamwambia, "Afadhali umewahi." Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya, na mkewe alikufa ndani ya kibanda, sufuria zikikinga matone pembeni mwa kitanda chake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini aliuamini mdomo wangu kuliko timazi. Mkwere mwingine angenirudishia kejeli mara mbili na kuendelea na kazi. Lakini utani ni wa watu walio sawa, na mimi nilikuwa na kiti na kalamu, yeye akisimama mlangoni kusubiri bahasha. Siku zile tulikuwa tumeanza kuitana ndugu, na mikutanoni tukiambiwa mambo ya mabwana yamekwisha. Yeye hakuwahi kuniita ndugu, nami sikuwahi kumwambia aache kuniita bwana. Mtu aliyekua akiona kwamba mawe si ya watu kama yeye, tayari nusu ya moyo wake inabomoa. Mimi nilimwongezea nguvu nusu hiyo.

Alianza tena. Mwaka mzima baiskeli ilikwenda na kurudi tupu, kisha siku moja nikaona mawe mawili kwenye keria. Aliwahi kuniambia kwamba kila asubuhi kuna sauti inamwuliza anamjengea nani sasa, naye haijibu, anapanda baiskeli. Mwaka jana aliezeka mabati. Alilala humo masika moja, peke yake, mahali pakavu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipita pale, nikisalimia na kusifu. Sikumwambia.

Tulipotoka makaburini tuliketi barazani kwake. Msiba wa Wakwere hauendi bila mtani kumsema marehemu mpaka wafiwa wacheke, na mdogo wake aliyetoka Fukayosi akaanza kuuliza, "Mtani yuko wapi? Marehemu hana mtani?" Nikasimama. Nikaugusa ukuta, nikasema nilichopaswa kusema tangu zamani: kwamba ukuta wa kwanza wa nyumba hii ulinyooka, na kwamba mimi niliusema umepinda bila kuutazama, na mke wake akafa kwa ajili hiyo.

Baraza zima likaangua kicheko. Mdogo wake alijipiga mapaja, akafuta machozi, akasema, "Huyu ndiye mtani bwana." Nikarudia kwamba nasema kweli, wakacheka zaidi. Nikaketi.

Basi, msomaji, akitokea mtu anayejenga kidogo kidogo akakuuliza kama ukuta wake umenyooka, shuka, ingia, shika timazi uutazame. Kama huna nafasi, mwambie huna nafasi. Na ukishakosea, mwambie angali hai, maana mimi nimeungama mbele ya watu wote wa msiba na hakuna hata mmoja aliyenisikia.