Kijiti Ndani ya Mboji

Mwaka jana, macho ya mama yalipoanza kuzimika, nilimchukua kijijini nikamleta kwangu Itetemia. Alikuja na mkoba wa nguo na chupa ndogo ya dawa iliyojaa majivu. Ndani ya majivu mlikuwa na mbegu za nyanya za kwao, zile ndogo zenye mikunjo, alizopewa na mama yake na ambazo sokoni hazipo tena. Alikuwa amebakiwa na hizo tu. Aliniambia anataka kuzipanda msimu mmoja zaidi, avune mbegu mpya, aniachie mimi. Baada ya hapo hata akifa hana neno.

Basi tukaanza kutengeneza mboji nyuma ya jiko. Mama alikaa kwenye kigoda akielekeza, nami nikapanga: majani makavu, samadi ya mbuzi, majivu, udongo kidogo, maji, kisha majani tena. Katikati alinichomekesha kijiti kirefu. Lundo likiwa linaiva, kijiti ukikichomoa huwa cha moto. Likiwa baridi, linavunjwa na kupangwa upya. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba tumbaku isiguse lundo lile. Yeye na baba walilima tumbaku miaka mingi, na hakuwahi kushika mche wa nyanya kabla ya kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ubaya wa kufundisha muda mrefu ni kwamba unazoea kuwa wewe ndiye unayejua. Niliona hiyo ni miiko ya kizamani. Isitoshe, mchwa walikuwa wameanza kulitafuna lundo kutoka chini, na ilikuwa Septemba, jani bichi la kuongezea lundo hulipati hata kwa kutafuta. Jirani anayefagia ghala la tumbaku aliniambia mchwa hawaisogelei tumbaku, akanipa magunia mawili ya vikonyo na vumbi. Nikayafukia katikati ya lundo wakati mama amelala mchana. Harufu haikunitia wasiwasi, maana siku zile mtaa mzima ulinuka tumbaku.

Mchwa wakaondoka kweli. Nilijisifu kimoyomoyo.

Siku ya nne mama akataka kijiti. Nilikichomoa, kilikuwa baridi kabisa. Bomba lilikuwa halitoi maji wiki nzima na mimi nilikuwa nimelibania lundo maji. Kama ningemwambia, angeagiza tulivunje, na angelivunja kwa mikono yake mwenyewe, maana siku hizi anaona kwa vidole. Angevishika vile vikonyo. Nikamwambia anisubiri nikifute, nikaenda kukilaza juu ya bati lililokuwa juani. Kilipopata moto nikampelekea. Alikipokea, akakiweka shavuni, akatabasamu.

"Linaiva," alisema. "Mwanangu, una mkono mzuri."

Nilifanya hivyo kila alipokiomba.

Mvua ziliponyesha mama alisia mbegu zake, na miche ikaota vizuri. Tukaihamishia kwenye matuta yenye mboji yetu. Kwa wiki mbili sikuwa na hofu yoyote. Kisha nikaona jani moja lina mabaka ya njano, na kesho yake majani ya hivyo yakawa mengi. Nikawa nayachuma asubuhi mama hajaamka, nayatupa chooni. Lakini yalizidi, na yaliyochipuka upya yalitoka membamba, yamejikunja kama yameunguzwa. Nililifunga moja kwenye gazeti, nikampelekea bwana shamba. Hakulitazama sana. Aliniuliza kama kuna mtu nyumbani anashughulika na tumbaku. Akasema ugonjwa ule hukaa kwenye tumbaku hata iliyokauka, na ukishaingia hukaa kwenye udongo, kwenye jembe, hata kwenye mikono. Dawa hauna.

Niliporudi nilimkuta mama amepiga magoti tutani, anapapasa mche mmoja baada ya mwingine. Niliogopa kumsogelea.

"Ni mkono wangu," alisema aliposikia hatua zangu. "Umezeeka. Umeua mbegu za mama."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikamwambia, "Pole, mama." Nilijichukia, na mpaka leo najichukia.

Tangu siku hiyo hajakanyaga bustanini. Wiki iliyopita aliniita chumbani kwake, akanipa ile chupa. Kumbe alikuwa amebakiza punje chache ndani ya majivu. Aliniambia nizipande mimi, peke yangu, yeye hata asizikaribie, na nisisahau kuzitilia mboji yetu.

Chupa iko kabatini, nyuma ya sukari. Sithubutu kuifungua kwa mikono hii. Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo, huitikia marahaba, kisha huniuliza kama nimeshapanda. Namwambia nasubiri mvua itulie. Leo hakuuliza. Aliushika mkono wangu, akauweka shavuni kama alivyokuwa akifanya na kile kijiti.

"Una moto," alisema. "Zitaota."

Nilikuwa nimetoka kuosha vyombo kwa maji ya moto.