Mzee Tepu Anaifumua Nyumba

Mtu akivaa kofia kila siku, mwishowe kofia humpa jina. Huyu tunayemzungumza hakuvaa kofia. Alikuwa fundi cherehani, na tepu ya kupimia ilimkaa shingoni asubuhi hadi jioni, kazini na mazikoni, hata watoto wa mtaa wakadhani alizaliwa nayo. Wakamwita Tepu. Alipoota mvi wakamwongezea heshima mbele, akawa Mzee Tepu. Mkewe alisema jina hilo ndilo vazi pekee ambalo mumewe hakulikata mwenyewe, na ndiyo maana limemkaa vizuri.

Dukani kwake palikuwa na sheria moja, na wateja waliijua kama wanavyojua njia ya kwao: mkato kwanza, nakshi baadaye. Alikuja bwana harusi anayetaka vifungo mpaka mgongoni, Mzee Tepu akamsikiliza kwa adabu, kisha akamgeuza taratibu mbele ya kioo. "Mwanangu," akasema, "kifungo hakijawahi kunyoosha bega." Bwana harusi alitoka pale na koti la vifungo vichache, na akaoa vizuri tu.

Macho yalipoanza kugombana na tundu la sindano, mzee alimwachia binti yake duka akarudi kukaa nyumbani. Nyumba yenyewe aliijenga marehemu baba yake. Haikuwa na makuu. Mlango ulikuwa katikati, dirisha huku na dirisha kule, yote mawili sawa kama macho ya mtu mzima. Paa lilitoka mbele ya ukuta likafanya upenu mpana, na chini ya upenu palijengwa baraza la kukalia, refu toka pembe hadi pembe, limesuguliwa na makalio ya watu mpaka linang'aa. Kila alasiri walikuja hapo marafiki zake: kinyozi, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, na kigogo wao Soli, mshona viatu, mrefu kama ngazi, aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu isipokuwa viatu. Mzee Tepu alikuwa mtu wa watu. Siku isiyo na mabishano barazani, kwake ilikuwa kama chai iliyosahauliwa sukari.

Sasa, mtu aliyezoea kazi ukimpa mapumziko humpi mapumziko, unampa nafasi ya kuharibu kitu. Mzee alianza kuzitazama nyumba mpya za mtaani. Hii ina nguzo, ile ina roshani, nyingine inameta vigae kama sahani iliyooshwa. Akaigeukia ya kwake akaiona imevaa kanga iliyopauka. Akamwita mwashi, mtu mwembamba aliyeitwa Timazi kwa sababu alisimama wima kama ile kamba yake ya kupimia ukuta, yenye risasi.

"Nataka uso wa nyumba upendeze," mzee akamwambia.

"Mbona unapendeza?"

"Timazi, nimekuita ujenge, sikukuita unifariji."

Basi wakajenga. Upenu ulikatwa kwa sababu eti ungeficha nguzo. Nguzo zenyewe zilikuja mbili, nene, za kubeba hewa. Baraza likavunjwa kwa kuwa lilifanana na ufizi usio na meno. Dirisha la kushoto likapanuliwa na kutiwa kioo cha buluu, la kulia likafanywa duara. Juu ya mlango ikatokeza roshani ambayo haikuwa na mlango wa kuifikia, hivyo waliofaidi mandhari yake ni kunguru peke yao. Ukuta wa chini ukabandikwa vigae vilivyobaki bafuni kwa mtu fulani.

Mkewe alitoka, akasimama mbele, mikono kiunoni.

"Unaionaje, mama watoto?"

"Inakonyeza," akasema mkewe. "Jicho moja limefumbuka, moja limefumbwa. Nyumba ya watu wazima inakonyeza wapita njia." Akarudi jikoni.

Mzee hakujali. Alioga, akavaa shati safi, akakaa kwenye kiti mlangoni kuwangoja marafiki. Wakaja, wakatazama, wakasifu kwa kikohozi. Halafu wakabaki wamesimama kama watu waliofika kituoni na gari limeshaondoka, maana pa kukaa hapakuwapo. Mzee akatoa viti vya plastiki. Jua nalo, lililokuwa limezuiwa na upenu miaka yote, likaingia na kukaa nao. Wakasogeza viti kukifuata kivuli. Kivuli kikasogea, nao wakasogea, wanaongea na kusogea, mpaka alasiri ilipoisha walikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya karakana ya fundi baiskeli. Siku iliyofuata hawakujisumbua kuanza safari. Walikwenda moja kwa moja ng'ambo, wakakaa juu ya magogo.

Mzee Tepu akafikiri sana, na fikra zake zikampeleka kule kule zilikomtoa. Aliona kasoro ni kwamba nyumba haijapendeza vya kutosha.

"Timazi, nataka simba."

"Wa kufuga?"

"Wa saruji. Wawili. Mmoja huku, mmoja huku."

Timazi hakuwahi kumwona simba, lakini paka wake alikuwa karibu, akafanya alivyoweza. Simba wakakaa mlangoni wakiwa na sura ya wanyama wanaongoja dagaa. Watu walikuja kuwaona, kweli walikuja, hata wa mitaa ya mbali. Wakaona, wakacheka, wakaondoka. Hakuna aliyekaa.

Hapo ndipo mzee alipoanza kunyong'onyea. Chai aliinywa peke yake. Kicheko cha ng'ambo kilimfikia kikiwa nusu, kile kipande cha mwisho kisicho na maana ukikosa mwanzo wake. Angeweza kuvuka barabara na kuketi nao, lakini mtu aliyekuwa mwenyeji maisha yake yote haoni raha kuwa mgeni kwenye gogo la mwenzake. Na wao hawakumwita, kwa kudhani amepanda cheo. Alasiri moja mkewe alimkuta anamsimulia simba wa kushoto habari za kupanda kwa mafuta ya taa.

Mkewe hakucheka, ingawa ilimgharimu. Akakaa kizingitini kando yake.

"Mzee, nikuulize kitu cha dukani."

"Uliza."

"Mteja akikuletea nguo imemkaa vibaya, unaanzaje?"

"Namwambia asimame mbali kidogo nimtazame."

"Haya," mkewe akasema, akanyoosha kidole ng'ambo. "Nenda ukasimame mbali."

Akaenda. Soli alipomwona anavuka barabara alimpigia mbinja. "Jamani, tengenezeni nafasi, mwenye simba anakuja."

"Asije akawa amewafungulia," kinyozi akadakia.

Mzee Tepu aligeuka akaitazama nyumba yake kutoka pale walipokuwa wakiitazama wao siku zote. Akaitazama kwa jicho la fundi cherehani, kwa sababu hakuwa na jicho jingine. Bega moja juu, bega moja chini. Kola kubwa kuliko shingo. Vifungo vimerundikana tumboni. Kofia haina ukingo, uso wote unapigwa na jua. Aliduwaa.

"Nani kamshonea huyu?" akauliza polepole.

"Fundi wake unaye hapo hapo," akasema Soli, "umevaa viatu vyake."

Wakacheka wote, na mzee akacheka nao. Kisha akasema neno ambalo fundi cherehani hulisema bila aibu, maana kwake ni nusu ya kazi: "Nitafumua."

Timazi alipoitwa mara ya tatu alifika akiwa anatabasamu. "Mzee, wewe nakuombea maisha marefu. Unanilisha kwa kujenga, unanilisha kwa kubomoa."

"Bomoa, acha dua."

Kubomoa ni rahisi. Shida ilikuwa kurudisha. Dirisha lilikuwa na upana gani? Upenu ulitoka kiasi gani? Mzee alipima alama zilizobaki ukutani kwa tepu yake, na hesabu zikakataa. Kila namba ilikuja na kimkia, sentimita kadhaa na nusu, nyingine na robo. Alikuna kichwa mpaka mkewe akamhurumia.

"Marehemu baba mkwe hakuwa na tepu," akasema. "Nilipoolewa hapa nilimkuta anapima kibanda cha kuku kwa mkono wake. Kiwiko mpaka ncha ya kidole, anatia alama kwa mkaa. Na zile mbao za dirisha la zamani hukuzitupa. Ndizo ninazokaushia mihogo uani."

Mzee akaenda uani, akamwaga mihogo ya watu, akaziinua mbao. Kwenye ubao mmoja alama za mkaa zilionekana bado; akakata uzi wa kutoka alama hadi alama, ndio mkono wa baba yake. Akaanza kuupitisha. Urefu wa dirisha ulikuwa mikono miwili kamili, bila kimkia. Mlango, mikono minne kamili. Toka mlango hadi dirisha, kulia na kushoto, sawasawa. Alama ya baraza ukutani ilikuwa mkono mmoja toka chini. Kila kitu kilikuwa ndugu na mwenzake, kama suruali, koti na kizibao vilivyotoka kwenye jora moja.

Akakaa chini na ule uzi mkononi. Mkewe akamwacha. Baadaye mzee akasema tu, "Kumbe baba alikuwa fundi nguo kuliko mimi. Nyumba hii aliikata kwa mwili wa mtu."

Basi madirisha yakarudi mapacha. Upenu ukarudi, na ili kuukadiria Timazi alipanda juu kushika bati huku mzee amekaa chini kwenye ndoo, jua la alasiri likimpiga. "Sogeza. Sogeza. Bado linanila magoti. Hapo." Bati lilisimama pale magoti yalipopata kivuli. Ukuta ukapigwa chokaa nyeupe, na mlango wa zamani ukasuguliwa mpaka mbao zikakumbuka rangi yake.

Likabaki baraza. Timazi alitaka kulijenga kwa kimo cha alama, mkono mmoja, amalize. Mzee akamzuia. Alikuwa amemwona Soli akiinuka kwenye gogo siku ile, anashika goti, anasaga meno, anajifanya anakohoa. Baba yake aliwajengea vijana. Vijana wenyewe sasa ndio hawa.

Akavuka barabara, akapiga soga kidogo, kisha akaangusha funguo makusudi. Alipoinama kuziokota, tepu ikashuka shingoni ikajinyoosha kimya kimya kwenye mguu wa Soli, toka kisigino mpaka chini ya goti.

"Tepu," Soli akasema bila kutazama chini, "unanishonea suruali au jeneza?"

"Jeneza hupimwa mtu amelala," akasema kinyozi.

"Nimeokota funguo."

"Funguo zimeingia ndani ya goti langu?"

"Tulia wewe, usinichanganyie namba," mzee akasema, akapima na mguu wa pili, kisha akawapima na wengine, maana siri ilishakufa. Walicheka mpaka fundi baiskeli akaangusha mnyororo. Mzee akarudi kwake amekunja uso, lakini namba amezishika.

Baraza likajengwa mkono mmoja wa baba, na juu yake upana wa vidole vinne. Timazi akauliza vile vidole ni vya nini. "Upindo," akajibu mzee. "Mwili ukibadilika, nguo huongezwa. Huitupi." Simba mmoja akakabidhiwa kazi ya kuzuia ubao wa dirisha usigongwe na upepo. Wa pili akapelekwa uani kulinda mihogo.

Siku kazi ilipokwisha, mzee hakukaa nje. Aliogopa. Alijificha nyuma ya dirisha, akawa anachungulia ng'ambo kwenye upenyo kama posa imepelekwa na majibu hayajarudi.

"Toka huko, mtu mzima," mkewe akanong'ona.

"Wasipokuja je?"

"Wasipokuja tutakaa mimi na wewe. Au mimi si mtu?"

Kabla mzee hajajibu, Soli alisimama ng'ambo. Akajinyoosha, akavuka peke yake, taratibu. Hakubisha hodi. Alilizunguka baraza kama mtu anayenunua ng'ombe, akalipapasa, akakaa. Akainuka. Goti halikulalamika. Akakaa tena, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu kivulini, na kwa muda mrefu hakuwa na maoni, jambo ambalo halijapata kutokea.

Mzee Tepu akatoka, tepu shingoni. "Vipi?" akauliza.

Soli akajizungusha kidogo, akainua bega moja, kisha jingine, kama mteja mbele ya kioo.

"Limenibana kwapani," akasema.

"Hilo litalegea ukilivaa," akajibu mzee, akaketi kando yake. Ng'ambo, kinyozi na fundi baiskeli walikuwa tayari wanafunga milango yao, wanabishana nani akae upande wa dirisha.