Kibao Kilichoshonewa Kitini

Mwaka ulikuwa 1951. La, nimekosea, ulikuwa 1952, maana 1951 kile kiwanda cha magari ya mbio pale Stuttgart kilikuwa bado kimepanga nusu ya banda la watu, na Gerlinde Häfele hajaanza kazi. Alipoanza, magari yalitoka mawili matatu kwa juma, mabati yakikunjwa kwa nyundo, na viti vyote alivishona yeye. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Gerlinde alipenda kusema farasi na gari ni mamoja, anayeumia ni kiuno cha aliyepanda.

Alikaa ghorofa ya pili, mlango wake ukitazamana na wa Bi Rosine Knapp, mjane kama yeye. Mwenye zamu ya kufagia ngazi alikuwa na kibao cha mbao mlangoni, kimetundikwa kwa kamba, kimeandikwa "Zamu ya Kufagia". Jumamosi akishamaliza, alikihamishia kwa jirani. Kwa kibao hicho watu wa mji ule hawana mzaha.

Juma moja la zamu yake kamba ilikatika na tundu likapasuka, Gerlinde akakipeleka kazini akakitoboe upya. Siku hiyo kulikuwa na mbio za kumaliza gari la kwenda mashindano ya Italia. Akatafuta kitu cha kugandamizia singa za farasi alizojaza mgongoni mwa kiti, mkono ukaangukia kibao. Akagandamiza, akavuta ngozi, akashona. Gari likaenda zake. Alipokuwa nyumbani akipekua mkoba, ndipo akakumbuka.

Aseme? Kazini alikuwa na miezi mitatu tu, na msimamizi, Bwana Schäuffele, hakucheka hata akitekenywa. Akiambiwa kuna kibao ndani ya kiti cha mteja, atamfukuza. Akanyamaza. Jumamosi akamgongea Bi Knapp, akamwambia zamu imemfikia, ila kibao kimepotea.

"Basi, mwenzangu, kisipofika mlangoni kwangu, zamu nayo haijafika," akasema Bi Knapp. "Wewe fagia tu. Na juma hili kwenye pembe ulipita juu juu, nimeona."

Akafagia majuma saba mfululizo. Magoti yakaota sugu, na Bi Knapp kila akishuka alimsifu kwamba sasa anaanza kujua.

Juma la nane dereva wa gari lile akarudi nalo kiwandani kutoka Italia. Hakushinda, alikuwa wa nne, lakini alishuka garini wima kama mlingoti. Akaeleza kuwa siku zote baada ya mbio huondolewa kama gunia la viazi. Safari hii mgongo haukumuuma hata kidogo. Akataka kujua kiti kina nini. Schäuffele hakujua, akamwita aliyeshona.

Gerlinde alichukua kisu, akafumua mshono wake mwenyewe mbele yao, akakitoa kibao.

Schäuffele akakisoma mbele, akakisoma nyuma.

"Seremala akate vingine kama hiki," akasema. "Ila visiandikwe kitu. Na wewe, Bi Häfele, kesho uje mapema."

Akaja mapema miaka thelathini, hata kiwanda kikawa na majengo yanayoweza kumeza kijiji kizima.

Jumamosi ile alikitundika kibao kwa Bi Knapp, akamsimulia yote. Bi Knapp akakinusa, kinanuka petroli, akaenda kuchukua ufagio.

Mimi nimeuliza mara nyingi, hata watu wa nyumba ile ile: kama zamu ni ya mwenye kibao, na kibao kilikuwa mgongoni mwa dereva hadi Italia, yale majuma saba ngazi zilikuwa za nani kuzifagia?