Fundi Mwinyimvua Ajisubiri Mwenyewe

Mwinyimvua alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mbovu, kwenye chumba kimoja karibu na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Kasoro yake kubwa ni kwamba hakujua kukataa. Alijua kukubali, kisha kujificha.

Ndivyo alivyomkubalia kwenye simu mwalimu Fortunata, wa chuo kimoja cha ufundi huko Nachingwea, aliyekuwa akitafuta mafundi wa mjini wawapokee wanafunzi wake miezi mitatu wajifunze kazini. Simu ilipokatika tu, majuto yakaanza. Mwanafunzi atamvunjia vitu. Na asipovunja, ataijua kazi, kisha afungue duka ng'ambo ya barabara.

Jumatatu Fortunata akatokea mlangoni akiwa na binti wa miaka kumi na tisa, Selina, na begi lake. Akauliza fundi yuko wapi.

"Katoka," Mwinyimvua akajibu. "Hata mimi namsubiri."

Fortunata akashukuru, akaketi kwenye benchi. Mwinyimvua naye ikabidi aketi, ajisubiri. Saa nzima ikapita. Mwalimu akamwuliza kama huyo fundi ni mtu wa kuaminika, naye akamsifu mno, mpaka akaona haya na kuongeza kwamba ana kiburi kidogo.

Selina alichoka kukaa. Mezani palikuwa na cherehani iliyofunguliwa, iliyomsumbua Mwinyimvua tangu Ijumaa. Binti akachungulia chini yake, akachomoa kipande cha uzi kilichonasa, akaanza kurudisha nyumba ya bobini, kile kikasha cha uzi wa chini. Akaiweka kinyume. Mwinyimvua akatazama dari. Akatazama barabara. Jasho likamtoka.

"Geuza," akanong'ona. "Geuza, mwanangu, utaniua."

Selina akageuza, akazungusha gurudumu. Sindano ikapanda na kushuka kama mpya.

Wakati huohuo akaingia Bi Kijakazi, mwenye cherehani hiyo, akauliza, "Fundi Mwinyimvua, imepona?"

Fortunata akainuka taratibu, akampa mkono.

"Karibu, fundi. Tumekusubiri sana."

Fomu ya kumpokea Selina ikasainiwa hapohapo, bila swali hata moja.

Miezi mitatu baadaye chuo kikawakutanisha mafundi waliopokea wanafunzi. Mwinyimvua alisimama akazungumza nusu saa, akieleza jinsi alivyokihangaikia chuo kile mpaka wakakubali kumletea Selina. Fortunata, aliyeketi mstari wa mbele, alikunywa maji mengi sana siku ile. Mwishowe fundi akaomba aletewe wengine wawili.

Akaletewa.