Kucha Zisizoficha Kitu

Mimi napaka watu rangi za kucha, natembea na kikapu. Hapa Katoro ukisikia chupa zinagongana nyuma ya vibanda vya chipsi, ujue ndiyo napita. Wanaume wenzangu wananicheka. Sawa tu. Siku nikifungua saluni yangu, yenye kioo cha ukuta mzima na kiti cha kuzunguka, watawaleta wake zao wenyewe na nitawakaribisha vizuri.

Kuna mama mmoja nilikuwa napita mlangoni kwake kila siku na hajawahi kuniita. Kazi yake ni kuosha dhahabu mwaloni, kule yanakosagwa mawe ya machimboni. Karasha likishasaga mawe, yeye na wenzake wanazungusha ule mchanga na maji kwenye karai, mpaka zibaki chenga zinazong'aa. Jumatano moja akaniita. Nilikaribia kumwaga kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Jumamosi ni sendofu ya huyu binti yangu, anaolewa Kagongwa. MC kasema nitamshika mkono nimkabidhi kwa mama mkwe wake, na mtu wa video atasogea karibu." Akaitoa mikono yake ndani ya khanga. "Sasa hii ndiyo ikaonekane huko Kagongwa?"

Vidole vilikuwa na mipasuko, kucha zimeishia nyamani, pembeni zimeliwa na mchanga. Nikaona haya kuitazama sana. Nikachomoa sampuli zangu zote kwa mkupuo. Kuna akriliki ndefu, mama, kuna za mraba, kuna hizi zimechongoka kama punje ya mpunga, kuna jeli inakaa wiki nzima haichubuki, kuna za dhahabu.

"Kijana, tulia," akasema. "Jumatatu narudi mwaloni. Pale hutoki mpaka unyooshe vidole, msimamizi anakagua chini ya kucha. Chenga inaingia kwenye ukucha mrefu kama unga. Mwenye kucha ndefu hashiki karai, na sisi humu ndani tunakula karai."

"Mama, si uombe ruhusa," binti akasema. Alikuwa anachambua mchicha.

"Nikamwambie nini? Nipishe, nina kucha?"

Nikaanza kufikiri kwa sauti. Akriliki hapana, kuitoa ni kusaga, na kwa kucha zile ningeziacha nyembamba kama ganda la kitunguu. Jeli nayo lazima uloweke kwa dawa kali, na ile mipasuko ingewaka moto. Zikabaki za kubandika. Zinavaliwa Jumamosi, Jumapili unatia vidole kwenye maji ya uvuguvugu, zinaachia. Nikafurahi kama nimegundua duara jipya la dhahabu. Tukajaribu moja kwenye kidole chake kidogo, ya dhahabu, aliyoichagua mwenyewe. Akaigeuza juani, akaigeuza tena.

Kesho yake nilipofika, binti alikuwa anacheka tangu mlangoni.

"Fundi, ukucha wako baba kaukuta kwenye mlenda. Kauliza, huu mlenda una magamba tangu lini?"

Tulicheka wote, mama mpaka akafuta machozi. Ukucha ule haukuwa na pa kushikia. Halafu kicheko kikaisha, nikamwona anairudisha mikono ndani ya khanga, polepole.

"Basi. Nitavaa glavu," akasema. "Watu watadhani ndiyo mtindo."

Niliondoka bila kugonga chupa. Mtu amemlea mtoto kwa mikono hiyo, halafu siku ya kumkabidhi aifiche? Nikasimama kununua soda kwenye duka la mama mmoja wa Kiislamu anayeuza udi na mafuta ya nazi. Aliponirudishia chenji nikaganda. Mkono wake ulikuwa na maua ya hina toka vidoleni mpaka kwenye kifundo. Kila siku nanunua kwake na kila siku nausifia mkono ule moyoni, wala sijawahi kuona kwamba kucha zake ni fupi kabisa.

Nikaomba paketi mbili za hina. Soda nikaiacha palepale kaunta, haijafunguliwa.

Ijumaa mchana niliiloweka mikono ya mama kwenye maji ya uvuguvugu, nikaipaka mafuta mpaka mipasuko ikalainika. Kucha nikazisawazisha ziwe za mviringo, fupi, zisizovuka nyama, nikazisugua mpaka zikang'aa zenyewe. Rangi sikupaka hata tone.

"Nichore nini, mama? Waridi?"

"Waridi nimeliona wapi mimi? Chora pamba. Kwetu Kishapu, kule Mhunze, nimekua naichuma."

Shuleni nilikuwa nachapwa kwa kuchora kwenye madaftari, lakini pamba sijawahi kuchora. Akanielekeza ganda linavyopasuka na nyuzi zinavyomwagika, nami nikafuata na koni ya hina, ulimi nje. Hina ilipokuwa inakauka hakuruhusiwa kushika kitu, na njaa ikafika. Binti akakata tonge, akachovya, akamlisha mama yake.

"Leo nimekuwa mtoto wako," mama akasema.

"Fumbua mdomo, usiongee."

Jumamosi nilisimama nyuma ya ukumbi, karibu na spika. MC alipomwita, nilitazama khanga tu. Ilibaki begani. Mkono ukainuka na mkono wa binti, kamera ikasogea karibu, na mama mkwe akauchukua, akauinamia kuangalia vizuri. "Hii ni pamba?" akauliza kwenye kipaza sauti, na ndugu zake waliotoka Kishapu wakapiga vigelegele.

Lakini bado Jumatatu. Sikuweza kukaa nyumbani. Jioni nikaenda mwaloni, nikasimama nje ya uzio wa mabati pale penye tundu. Akafika zamu yake, akanyoosha vidole. Msimamizi akachungulia chini ya kila ukucha. Akaigeuza mikono, akakaa nayo.

"Chini hamna kitu," akasema. "Huku juu ndiyo kuna shamba."

"Nimevuna Jumamosi, bosi."

"Haya, kesho wahi. Karai lako liko palepale."

Akatoka getini na wenzake wakimvutavuta mikono, kila mmoja anataka kuona. Aliponiona kwenye uzio aliinua yote miwili juu, ina matone ya maji na mchanga, na pamba yake haijafutika.

"Wabeja, ng'wana wane," akanishukuru kwa Kisukuma. "Njoo huku, wenzangu wanauliza kama unajua kuchora mtama."