Sikio la Kushoto

"Analishika wakati gani hasa?"

Daktari aliuliza bila kunitazama, akiwa amemshika mwanangu kidevu kwa vidole viwili. Nilikuwa mwalimu wa historia. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza vijana nani aliona, aliona lini, alijuaje. Sasa nilikuwa nimeulizwa mimi, tena kuhusu mtoto wangu mwenyewe, na sikujua.

Nilijua tu kwamba analishika. Sikio la kushoto, kila mara la kushoto. Alikuwa na miezi minane. Alikuwa akikibandika kiganja juu ya sikio, akaliminya, kisha akainamisha kichwa upande huohuo kama mtu anayesikiliza ardhi. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia, maana kilio hukuonyesha pa kuanzia.

Tulikuwa tukiishi Mshangano, nje kidogo ya mji, kwa mama mkwe wangu, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mahindi mbele na mahindi nyuma. Mume wangu alifanya kazi ya tumbaku Namtumbo. Alikuja Jumamosi akinuka majani makavu, akiwa na habari za wanunuzi binafsi walioingia kwa magari mapya huku chama cha ushirika kikizidi kunyamaza. Mimi nilifundisha mjini. Niliondoka asubuhi ukungu ungali umelala juu ya milima ya Matogoro, nikarudi jua limeshainama. Muda wote huo wa katikati mtoto alikuwa mgongoni kwa wifi yangu, dada wa mume wangu.

Wifi alikuwa kiziwi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nguvu, mwepesi wa kucheka, na hakuonekana hata siku moja bila kitambaa kilichofungwa hadi chini ya masikio. Hatukuwa na lugha ya kufundishwa. Tulikuwa na mikono, nyuso, na mazoea. Mtoto alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na hilo sikulionea wivu, kwa sababu bila yeye nisingeweza kufundisha.

Lakini hofu yangu ilianzia hapo. Tangu niolewe nilikuwa nimepewa hadithi tatu za uziwi wake. Mama mkwe alisema ni surua. Majirani walisema mdudu alimwingia sikioni akiwa amelazwa kando ya shamba. Mume wangu alisema alizaliwa hivyo, kila ukoo una mambo yake, tuache. Kila nilipouliza nani alishuhudia, nilipata kimya au kicheko. "Mwalimu ameanza," mume wangu angesema. Nilizipima hadithi zile kama nilivyowafundisha wanafunzi. Kama ni surua, chanjo ipo. Kama ni mdudu, basi ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Kama ni ukoo, mwanangu ni wa ukoo huo.

Siku nilipoliona jambo lenyewe kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetoka shule, hata mkoba sijautua. Mama mkwe alikuwa anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za shule?"

"Nzuri. Mama, mtoto anashika sikio."

"Namwona."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kushika." Akatupa gunzi pembeni. "Kamua maziwa yako, umtilie matone mawili yakiwa bado na joto la ziwa. Wanangu wote niliwatilia."

"Wote?"

Mkono wake ulisimama juu ya hindi jingine, kisha ukaendelea, taratibu zaidi. Wifi alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu, akimpepea mtoto inzi, hajui tumesema nini.

Jioni hiyohiyo akaja jirani yetu, mama mmoja wa kutoka Tunduru aliyeuza mitumba sokoni. Alikuwa na desturi ya kuja kuomba kaa la moto na kuacha maoni.

"Wallahi hilo si sikio, mwalimu," alisema baada ya kumtazama mtoto. "Hayo ni meno ya nailoni, yale mabaya yanayojificha ndani ya fizi. Yupo mtu anayeyang'oa, ukitaka nitakupeleka."

"Nani ameyaona meno hayo?"

"Waliong'olewa watoto wao."

"Yanafananaje?"

"Meupe."

"Meno yote ni meupe."

"Haya, basi subiri yawe meusi!"

Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu. Nami nilicheka, lakini nilimkumbatia mtoto na sikumwachilia mpaka jirani akaondoka na kaa lake. Nilikuwa nimesikia habari za watoto waliochokonolewa fizi kwa vyuma, na yule mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa msaada, na watu wa msaada hawasubiri ruhusa.

Nikaanza kumpima. Nilipiga makofi nyuma yake. Nilitikisa kiberiti. Nilidondosha mfuniko wa sufuria juu ya sakafu. Mara aligeuka, mara hakugeuka. Nilipompima akiwa mikononi mwa wifi, hakugeuka kabisa. Mfuniko ulilia, kuku wakaruka, na mtoto akaendelea kuutazama uso wa shangazi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Leo naona ni jambo la kawaida: mtoto husoma uso wa anayempakata, na uso ule haukushtuka. Siku ile niliona kitu kimoja tu. Niliona viziwi wawili.

Darasani nilianza kusahau nilipoishia. Nikiwa naandika ubaoni nilijikuta nikisikiliza sauti ya chaki, nikajiuliza mtoto asiyeisikia sauti hiyo angejifunzaje.

Miaka ile maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuota mjini kama uyoga. Zamani dawa zilikuwa hospitali, na kama hospitali haina, hakuna. Sasa ziling'aa kwenye rafu za vioo. Niliingia katika duka moja karibu na soko. Kijana muuzaji alinisikiliza nusu.

"Anashika sikio? Chukua hii." Akaniwekea kikasha kidogo kilichochorwa sikio.

"Ina nini ndani?"

"Ni ya sikio."

"Na kama ngozi ya ndani ya sikio imetoboka, inaruhusiwa?"

"Dada, unataka dawa au unataka mtihani?"

Watu waliokuwa nyuma yangu walicheka. Nikaichukua, labda kwa aibu, labda kwa sababu mtu mwenye hofu hawezi kutoka dukani mikono mitupu. Nyumbani niliwaonyesha wote kikasha kile. Nilimgusa mtoto sikio, nikagusa ile picha, nikatikisa kidole mbele ya mama mkwe na wifi: isitumike mpaka niseme. Nikaiweka juu ya kabati la vyombo. Sikuwa na nia ya kumtilia mtoto kitu nisichokijua.

Siku chache baadaye niliichukua nisome tena maandishi yake. Dawa ndani ya chupa yake ilikuwa imepungua.

Mwanzoni nilidhani nakosea. Nilichora mstari kwa kalamu juu ya karatasi ya chupa, nikaenda kazini. Niliporudi, dawa ilikuwa chini ya mstari.

"Mama," nilisema, nikijitahidi sauti isipande, "nani anamtilia mtoto dawa?"

"Dawa gani?"

"Ya sikio. Inapungua."

"Mimi?" Alisimama. "Yaani umekaa ukafikiri ni mimi?"

"Simtaji mtu. Nauliza tu."

"Wewe huulizi tu, mwanangu. Wewe ukiuliza, tayari umeshamfunga mtu." Akapiga ishara ya msalaba. "Maziwa nilikushauri mchana kweupe, umekataa, nimenyamaza. Nitaibaje dawa yako? Naapa mbele ya Bikira Maria, chupa yako sijaigusa."

Wifi alitutazama, mara mimi, mara mama yake, kisha akamfunga mtoto mgongoni na kutoka kwenda upande wa mahindi. Nilidhani amekimbia ugomvi.

Sikulala vizuri. Kama si mama mkwe, ni nani? Jirani? Na yeyote aliyekuwa anafanya hivyo, alikuwa anamtilia mtoto kiasi gani, kwa mkono gani, katika sikio ambalo huenda lina tundu? Kesho yake niliomba ruhusa shuleni, nikambeba mtoto kwenda hospitali. Wifi alinifuata. Nilimwonyesha kwa mkono abaki, akakataa. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akatangulia mbele njia nzima, haraka, utadhani safari ilikuwa yake.

Ndivyo tulivyofika mbele ya daktari yule na swali lake. Wifi alisogea mbele. Alimnyooshea mtoto kidole. Kisha akaweka kiganja juu ya kitambaa chake, upande wa kushoto, akaminya, akainamisha kichwa, na uso wake wote ukakunjamana.

"Ahaa," daktari alisema. "Huyu ndiye anayeshinda naye?"

"Ndiye. Ni shangazi yake. Hasikii."

"Anakuonyesha mtoto anavyofanya. Mlezi mzuri huyu."

Wifi alirudia, kwa nguvu zaidi, akigonga sikio kwa vidole. Nilitikisa kichwa kumwambia tumeelewa, nikaushika mkono wake na kuushusha kwa upole.

Daktari alimgeuza mtoto mapajani pangu. Akavuta sikio taratibu, akaangaza taa ndani, la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Nilihesabu pumzi zake. Halafu akaenda nyuma yetu na kutikisa funguo. Mtoto aligeuka ghafla hata akanigonga kidevu. Akatikisa upande wa pili, chini zaidi. Mtoto akageuka tena, akanyoosha mkono azichukue.

"Anasikia," alisema. "Ndani ni pasafi. Kuna nta kidogo, iache, itatoka yenyewe. Usichokonoe kwa njiti."

"Na dawa? Kuna mtu amekuwa akimtilia dawa."

"Sioni dalili ya dawa humu."

"Sasa kwa nini analishika?"

"Watoto hushika masikio, mama. Meno yakija, usingizi ukija, au kwa vile wameyagundua tu. Akipata homa, akitoka usaha, akilia kila ukimlaza, au akiacha kugeuka akiitwa, mlete siku hiyohiyo. Anakunywa maziwa ya chupa?"

"Nikiwa kazini."

"Asipewe akiwa amelala chali. Kwa watoto wadogo njia kati ya koo na sikio ni fupi na imelala, kinywaji kinaweza kupanda huko. Na msimtilie maziwa wala mafuta."

Nilimshukuru mpaka akaona aibu. Nje, chini ya baraza, nilimkumbatia wifi na kumwonyesha kwa mikono yote miwili kwamba mtoto anasikia, mzima, hana kitu. Alimtazama mtoto, akatabasamu, akambusu sikio. Kisha akaugeukia mlango wa daktari, akasimama akiutazama mpaka mgonjwa mwingine alipoingia na kuufunga. Nikamvuta kanga, twende.

Mama mkwe nilimwomba radhi kabla sijavua viatu. "Hata Pilato aliuliza maswali," alisema, akaniwekea ugali. Chupa ya dawa iliisha yenyewe juu ya kabati, na mtoto akaendelea kulishika sikio lake kwa miezi kadhaa, kisha akaacha. Anayesema hofu iliniishia hajawahi kuwa na mtoto. Niliendelea kudondosha mifuniko hadi alipoanza kunijibu kwa maneno, na neno lake la kwanza nililisikia nikiwa na mfuniko mkononi.

Miaka mingi baadaye, mwanangu akiwa msichana wa sekondari na sisi tumehamia mjini, wifi alianguka kwa kizunguzungu kando ya kisima. Alipelekwa kwa mtaalamu wa masikio, nami nikaenda naye. Mtaalamu alimwomba avue kitambaa. Wifi alikivua polepole, na chini yake, katika sikio la kushoto, palikuwa na pamba iliyolowa usaha. Ugonjwa ule, mtaalamu alisema, ulikuwa umekaa humo miaka na miaka, umeshakula hadi mfupa. Lazima amekuwa akiumwa muda wote huo, akaongeza, akauliza kama hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote. Nikaikumbuka ile chupa iliyopungua juu ya kabati, na mkono wake nilioushusha mbele ya daktari.

Kama mwanangu aliuiga mkono wa shangazi yake, siwezi kuthibitisha. Hakuna aliyeandika nani alianza. Nilimwuliza tu mtaalamu kile ambacho sote kule Mshangano hatukuwahi kukiuliza: inawezekanaje sikio lisilosikia likauma? Akanijibu kama anayemweleza mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo ni mmoja, na ile inayopeleka maumivu ni mingine kabisa.