Ngoma Zilizooshwa kwa Sabuni

Watu wakinijia kuniuliza habari za utawala wa Mdachi hutaka niwasimulie viboko. Viboko vilikuwapo, sikatai, na mgongo wa baba yangu ulivijua. Lakini mimi nikiikumbuka miaka ile, kinachonijia kwanza ni siku ngoma sita za kina mama wa kijiji chetu zilipoitikisa stesheni ya Dodoma, nami nikiwa mmoja wa wapigaji, machozi yananitoka huku nacheka. Nitasimulia hiyo. Viboko watavisimulia wengine.

Kwetu Ugogo, ngoma ya muheme ni ya wanawake. Mpigaji husimama, akaibana ngoma katikati ya mapaja, akaipiga kwa viganja. Siku yake kubwa ni siku ya kuwatoa wali, wasichana waliowekwa ndani wakifundwa. Katika kijiji chetu mwali hakutoka mpaka asikie ngoma, tena si ngoma yoyote, bali zile zile zilizomtoa mama yake. Ya kuazima haikumtoa mtu. Ndivyo tulivyokuta, na hatukuhoji.

Mwaka ninaousema, ndani alikuwamo mdogo wangu pamoja na wenzake watatu. Zilibaki siku chache watoke. Mama yangu, kiongozi wa wapigaji, alikuwa akituzoeza nyuma ya tembe letu alasiri moja, wakapita askari wa boma. Ile hofu ya vita vya kusini ilikuwa bado haijawatoka. Waliposikia ngoma wakadhani tunaita watu vitani, wakazibeba zote sita. Mama aliwafuata hadi njia panda akiwaeleza kwa Kigogo kwamba hizi ni ngoma za watoto wa kike, nao walikuwa watu wa mbali, hawakuambulia hata neno moja.

Miezi ikapita. Uwele ukakomaa, ukavunwa, ukapurwa, mdogo wangu bado yumo ndani. Ngozi yake ilipauka kwa kukosa jua. Watu wa kwa mchumba wake walianza kutuma salamu za adabu, kisha wakatuma salamu zisizo na adabu. Nikimpelekea ugali aliniuliza swali lile lile kila siku, "Dada, zimerudi?" Ilifika mahali nikawa namsukumia chakula mlangoni na kukimbia, nisiulizwe. Sijivunii hilo.

Halafu jumbe wetu akaja na habari. Reli imefika Dodoma. Mgeni mkubwa wa Kidachi atakuja kwa gari la moshi, na kila kijiji kipeleke ngoma. Wanaume wetu karibu wote walikuwa kwenye kazi ya tuta la reli, na jumbe hakuwa na wachezaji wa kupeleka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alipata akili: akamwambia Akida, yule mtu wa pwani aliyetusimamia kwa niaba ya boma, kwamba ngoma za kijiji chetu zimo ghalani mwake yeye Akida. Akida akajibu, basi waje hao wanawake wazipige. Wakimfurahisha mgeni, waondoke nazo. Wakitia aibu, zitapasuliwa kuni.

Nilimwambia mama tuseme tunaumwa. Tulikuwa hatujagusa ngoma kwa miezi saba, wawili kati yetu walikuwa na mimba kubwa, na tulikuwa tumesikia kwamba kabla yetu ingepiga bendi ya matarumbeta kutoka pwani. Nani angetusikiliza? Mama alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia shambani.

"Tafuta mti mrefu," akasema. "Wa kubebea ngoma wakati wa kurudi."

Tuliondoka alfajiri, wanawake sita na mti mmoja. Ulikuwa msimu wa baridi, upepo unachota vumbi na kuturudishia usoni, na mawingu yamelifunika jua tangu asubuhi. Tulipofika stesheni tukakuta kila kitu kipya, kinanuka mbao na mafuta. Mapipa yamepangwa ukutani, mataruma ya reli yamelundikwa, na kando limejengwa banda la nyasi la kumkalisha mgeni. Akida alitupokea akitabasamu. Alikuwa mtu msafi sana, kanzu yake nyeupe hata katika vumbi lile, na siku hiyo alikuwa na furaha ya mtu aliyekutayarishia zawadi.

"Karibuni, kina mama. Njooni mwone nilivyowatunzia vitu vyenu."

Akafungua ghala. Ngoma zetu zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, zinang'aa.

"Zilikuwa chafu mno," akasema. "Masizi, mafuta, sijui nini. Wafungwa wamezisugua kwa sabuni ya Kizungu tangu jana, mara mbili. Asubuhi hii wamezisuuza."

Kati yetu mimi peke yangu nilijua Kiswahili vizuri, nilikipata misheni pamoja na kusoma, kwa hiyo nilikuwa na kazi ya kuwatafsiria wenzangu maneno hayo. Sikuhitaji. Mama alikwisha kuweka kiganja juu ya ngoma yake kubwa na kuipiga mara moja. Ikatoa mlio wa nguo mbichi ikipigwa juu ya jiwe.

Asiyejua ngoma hawezi kumlaumu yule bwana. Yale masizi yalikuwa ya miaka na miaka ya kuzipasha moto, maana ngozi ya ngoma haina sauti mpaka ikazwe kwa moto. Yale mafuta ndiyo yaliyoifanya isipasuke. Yeye aliona uchafu, akausafisha kwa moyo mmoja. Lakini mimi nilimlaumu. Nilimtukana yeye na sabuni yake kwa Kigogo, nikitabasamu, naye akatabasamu pia. Mmoja wa mama zangu wadogo aliketi chini, mikono kichwani.

"Mwambie tunataka moto," mama akaniambia.

Nikamwambia. Akida akaruka.

"Moto? Hapa? Pana mapipa ya mafuta, pana mbao, pana banda la nyasi la mgeni! Bwana wa boma amekataza hata kibiriti. Atakayewasha moto stesheni atakula ishirini na tano, mwanamume au mwanamke."

Jua halikuwapo la kuzianikia. Tukazitoa nje tukazigeuzia upepo, tukakaa kuzitazama. Nilimfikiria mdogo wangu kule gizani, anategea sikio. Nilimwonea huruma, na nikajionea aibu kwa kuwa nilikuwa nimeshakata tamaa kabla hata ya kupiga kiganja kimoja.

Gari la moshi likafika. Hatukuwa tumewahi kuliona. Ardhi ilitetemeka, watu wazima walikimbilia nyuma ya ghala, mimi nikiwa mmojawao. Mgeni akashuka, mnene, kofia nyeupe, wenye vyeo wakampigia saluti, na bendi ikaanza. Niseme ukweli: walikuwa hodari. Matarumbeta yao yaling'aa, hatua zao zilikwenda pamoja, na lile goma lao kubwa lililobebwa tumboni lilinikata maini. Baada ya watu hawa, sisi na ngoma zetu zilizolowa!

Mama hakuwatazama. Alikuwa ameinama anachungulia chini ya kichwa cha gari la moshi, mahali palipokuwa panadondoka kaa moja moja, jekundu, katikati ya reli. Akasimama, akachukua ngoma yake, akaenda moja kwa moja. Nikamkimbilia.

Mchochea moto wa gari lile alikuwa Mnyamwezi, mweusi kwa masizi hata kope. Akamwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba, kisha akanigeukia.

"Muulize ule moto wa nani."

"Wa gari," akasema yule kijana. "Kwani vipi?"

"Mwambie sisi hatuwashi moto. Tumekatazwa. Tunaomba kuota tu."

Kijana akashuka, akaigusa ngozi ya ngoma, akakunja uso.

"Nani kaiosha hii?"

"Bwana Akida," nikasema. "Kwa sabuni."

Alicheka mpaka akashika gurudumu. Kisha akajifanya mkali.

"Ninyi si Wagogo? Babu zangu walipita hapa na misafara, mkawatoza hongo ya kupita, hata kwa maji ya kunywa. Leo mnakuja kuniomba moto bure! Mtanipa hongo gani?"

Nikatafsiri. Mama hakucheka.

"Mwambie akituokoa, nitampigia ngoma mpaka babu zake wasamehe."

Akapanda, akachukua reki yake ndefu ya chuma. "Makaa yakianguka yenyewe," akasema, "si kosa la mtu." Yakaanguka mengi.

Tukaleta ngoma zote. Tulichuchumaa nyuma ya kichwa cha gari, upande wa pili wa macho ya wageni, tunazigeuza juu ya makaa, tunazisogeza, tunaziondoa, tunagonga kwa kidole na kusikiliza, tunarudisha. Kuzikausha kwa haraka ni kuzipasua, na kuzikausha polepole hatukuwa na nafasi. Mama alikuwa anakwenda toka ngoma hadi ngoma, sikio karibu na ngozi. Kijana akatupa mafuta ya mgando yanayopakwa kwenye mitambo, yananuka vibaya, tukayapaka kidogo kidogo. Bendi ilikuwa inamaliza wimbo wake wa mwisho Akida alipotukuta, sisi na ngoma zake safi, sote weusi tii.

"Mmezichafua tena!" akalia. Nadhani angelia kweli kama mgeni hangekuwa karibu.

Tukasimama mbele ya banda. Wageni wakacheka, na wana haki: wanawake sita wenye masizi mpaka puani, wawili na matumbo yao. Mama akaibana ngoma. Akapiga mara moja.

Sikuwahi kuisikia ngoma ile ikitoa sauti hiyo. Nasema hivi kwa shingo upande, lakini nadhani ni ile sabuni. Iliondoa tabaka la miaka mingi, na moto mkali wa gari la moshi ukaikaza ngozi tupu iliyobaki, ikalia juu, safi, ikafika hadi kwenye mapipa ikarudi. Mama mwenyewe alishtuka. Alinitazama, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miezi saba. Akapiga ya pili, nasi tukaingia.

Niliyokuwa nimeyasahau viganja vilikuwa havijasahau. Mama aliuliza, tukajibu; akakata, tukajaza; akaharakisha, tukamshika. Wageni waliacha kucheka. Wanaume wetu waliokuwa kwenye tuta walitupa sepetu zao wakaja mbio, wakaanza kuruka, mabega yanatetemeka, vumbi linapanda. Vigelegele vikatoka kila upande. Yule mpiga goma wa bendi alijizuia, akajizuia, kisha akatuingilia kwa chini, taratibu, mahali hasa panapotakiwa. Na kijana wa moto, Mungu ambariki, akaanza kuvuta filimbi ya gari kila mama alipokata. Nilikuwa nalia. Sikuwa na huzuni hata kidogo.

Mgeni akasimama, akapiga makofi, akamwambia Akida jambo refu. Akida akaja akatupigia kelele juu ya ngoma.

"Bwana Mkubwa amefurahi kupita kiasi! Anasema ngoma hizi zitabaki hapa hapa stesheni. Mtakuwa mnakuja kumpigia kila mgeni!"

Viganja vyangu vikaendelea, lakini moyo ulisimama. Tulikuwa tumepiga vizuri kupita kiasi.

"Na sasa anaingia kula," Akida akaendelea. "Anasema msinyamaze mpaka aseme basi."

Nikamtafsiria mama. Yeye hakupoteza hata pigo moja.

"Amesema tusinyamaze?"

"Ndiyo, mama."

"Amesema tusitembee?"

"Hapana. Hilo hakusema."

Mama akawapa ishara wenye mimba. Wakapitisha mti katika kamba za ngoma kubwa na za ngoma zao mbili, wakaunyanyua begani, naye akapiga akiwa pembeni. Sisi wengine tukazifunga zetu kiunoni kwa kaniki. Tukaanza kwenda, polepole, tukipiga. Watu wakatupisha.

Akida akatukimbilia. "Mnakwenda wapi?"

"Tunatii amri, Bwana Akida," nikamjibu kwa adabu zote nilizofundishwa misheni. "Bwana Mkubwa amesema tusinyamaze."

Akalitazama banda. Kutunyamazisha ni kuivunja amri yeye mwenyewe, na kwenda kuomba amri nyingine ni kumtoa mgeni kwenye nyama yake. Akabaki amesimama na mkono juu, kanzu yake imetapakaa masizi yetu. Hakumtuma mtu nyuma yetu, siku hiyo wala baadaye. Nyuma filimbi ililia mara tatu.

Tulipiga njia nzima. Aliyechoka alipokewa na mtu wa njiani, maana kila kijiji tulichopita kilitoa wanawake wa kufuatana nasi. Viganja vyangu vilivimba nikashindwa kukunja vidole. Tulipoliona tembe letu jua lilikuwa limejitokeza chini ya mawingu, na nyuma yetu palikuwa na watu wasiohesabika.

Wali wanne walikuwa wameshasikia. Hawakungoja mtu awafungulie. Walitoka mmoja mmoja, wamejikinga macho kwa mikono, wakiyumba kwa mwanga. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho. Alikuja hadi mbele ya mama, na mama alikuwa bado anapiga, amefumba macho, damu kwenye viganja, hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumsimamisha.

Mdogo wangu akamshika vifundo vya mikono, vyote viwili.

"Basi, mama," akasema. "Nimetoka."